Mafundi wanaosoma kabla ya kugusa: tathmini ya huduma ya kutatua vichujio vya sera za mtandao jijini Mbeya

Huduma ninayoitathmini hapa ni ya kampuni ndogo ya mafundi wa mifumo ya kompyuta jijini Mbeya, ambao huitwa na ofisi zenye seva zao wenyewe pale sera zinazosambazwa kutoka makao makuu (maagizo ya nini kila kompyuta iruhusu au ikataze) zinapofika kwenye kompyuta zisizohusika, au zinapogoma kufika kwenye zile zinazohusika. Jina lao silitaji, kwa kuwa nina ya kusifu na ya kulalamikia, na nisingependa andiko hili ligeuke tangazo wala mashtaka. Nitaeleza kazi yenyewe kwa kina, ili anayesimamia mtandao wa ofisi huko Iringa, Njombe au Sumbawanga ajue la kudai kwa fundi yeyote atakayemwita.

Kampuni ninayoitumikia inauza pembejeo za kilimo. Makao makuu yapo Mbeya mjini, na matawi yapo Vwawa, Tukuyu na Makambako. Kila tawi lina kompyuta za mezani kwenye kaunta za makeshia, kompyuta mpakato za mabwana shamba wanaozunguka vijijini, na printa moja au mbili. Mashine zote zimo katika kikoa kimoja cha Active Directory, mfumo wa Microsoft wa kusimamia kompyuta na watumiaji wa ofisi kutoka kwenye seva, na yanayoruhusiwa au kukatazwa katika kila mashine huandikwa mahali pamoja kwa kutumia Group Policy, mfumo ambao umekuwemo katika Windows tangu toleo la 2000. Sera moja huzuia flashi kwenye kaunta, nyingine huelekeza printa, nyingine hupangia kompyuta mpakato zilale baada ya dakika chache ili kulinda betri zikiwa shambani. Ili kila sera imfikie anayestahili, aliyetujengea mtandao aliweka vichujio, yaani masharti ya kuamua nani aipate na nani asiipate, na hapo ndipo matatizo yetu yalipoanzia.

Dalili zilikuwa mbili. Kwanza, baadhi ya kompyuta za kaunta zilikuwa zinalala katikati ya kazi. Msimu wa mvua za kwanza unapoanza, wakulima hupanga foleni ya mbolea na mbegu tangu asubuhi. Keshia akiinuka kuhakiki mifuko pamoja na vibarua, akirudi anakuta skrini imezima, na akiamsha mashine anakuta programu ya mauzo imeshapoteza mawasiliano na hifadhidata, kwa hiyo risiti inaanza upya huku mteja akiwa ameshika fedha mkononi. Pili, katika tawi la Tukuyu, sera ya kuzuia flashi haikufanya kazi kabisa, ingawa kwenye seva ilionekana imewekwa ipasavyo.

Fundi wa awali alikuwa na dawa moja kwa maradhi yote, nayo ni kupiga Windows upya. Kinachochanganya ni kwamba dawa hiyo ilifaa. Mashine ikirudi kutoka kwake ilikuwa hailali kwa muda, kisha siku moja inaanza tena, bila mtu kubadilisha chochote kwenye seva. Mtu akiona hivyo mara kadhaa huanza kuamini habari za virusi, na meneja wa tawi hukaribia kuagiza mashine mpya. Ni katika hali hiyo ndipo tulipowaita mafundi hawa.

Kitu cha kwanza walichokifanya ni kukataa kugusa chochote. Waliomba ripoti kutoka mashine mbili za tawi moja, iliyo nzima na inayolala, zote zikiwa na toleo moja la Windows. Ripoti hiyo hutolewa kwa amri ya gpresult, na ukiiongezea /h pamoja na jina la faili hutoka kama ukurasa unaosomeka kwenye kivinjari. Walisisitiza jambo ambalo wengi hulikosea: amri hiyo iendeshwe kwa haki za msimamizi, kwa sababu mtumiaji wa kawaida akiiendesha ataonyeshwa sera zinazomhusu yeye mwenyewe tu, na upande wa kompyuta hautaonekana. Fundi anayetazama nusu ya ripoti kama hiyo anaweza kuapa kwamba sera haipo, na akawa amekosea bila kudanganya.

Ripoti hizo ndizo zilizonifanya niwaheshimu, kwa jinsi walivyozisoma mbele yetu. Ndani yake kuna orodha ya sera zilizotekelezwa na orodha ya sera zilizokataliwa, na kila iliyokataliwa imeandikiwa sababu yake. Sera inaweza kukataliwa kwa ukosefu wa ruhusa, maana yake kichujio cha usalama kimeizuia. Kwa kichujio cha WMI, huduma ya Windows inayojibu maswali kuhusu mashine yenyewe, maana yake mashine iliulizwa swali na jibu lake halikulingana na matakwa. Au kwa kuwa sera ni tupu, haina kilichoandikwa ndani. Kila sababu inampeleka fundi kwenye mlango wake. Anayejua kuzitofautisha hatumii muda wake kuzunguka nyumba nzima, na sisi tuliokuwa tunamlipa mtu kuzunguka tuliielewa tofauti hiyo mara moja.

Katika mashine inayolala, sera ya kompyuta mpakato ilikuwa katika orodha ya zilizotekelezwa, wakati katika mashine nzima ilikuwa imekataliwa kwa kichujio cha WMI. Mashine zote mbili zilikuwa za mezani. Kwa hiyo swali lilikuwa moja tu: kwa nini seva inaiona kompyuta ya mezani kama mpakato? Hapo mmoja wao alisahihisha lugha yetu, na usahihisho huo una uzito. Kichujio cha WMI hakipimwi na seva. Seva hubeba swali tu. Anayelijibu ni kompyuta yenyewe, pale inapozichukua sera, kwa kuhoji taarifa za vifaa vyake na programu zake. Jibu likileta walau kitu kimoja, sera inapita. Jibu likiwa tupu, sera inaachwa. Kukaa kwenye seva na kukikodolea macho kichujio hakusaidii. Yafaa uende kwenye mashine na uiulize swali lile lile.

Walikifungua kichujio na kukuta kimeandikwa hivi: SELECT * FROM Win32_Battery. Aliyekiweka alifikiri kwamba chenye betri ni kompyuta mpakato, jambo linaloonekana la busara, na swali hilo hutumiwa na wasimamizi wengi wa mitandao. Kisha tukaenda nao Vwawa. Kijana wao alikaa kwenye kaunta, akafungua PowerShell, dirisha la amri la Windows, na kuiuliza mashine swali hilo kwa amri ya Get-CimInstance. Jibu lilirudi na betri moja, na jina la betri hiyo lilikuwa la kifaa kilichokuwa chini ya meza, yaani UPS, kifaa cha betri kinachoshikilia umeme unapokatika.

Nyanda za Juu Kusini, ofisi yenye kompyuta za mezani bila UPS ni ofisi inayotafuta hasara, kwa sababu umeme hupepesa, hasa wakati wa radi za masika. UPS nyingi huja na waya wa USB ambao, ukichomekwa kwenye kompyuta, huiwezesha kujua kiasi cha chaji kilichobaki ili ijizime kwa utaratibu. Waya huo ukichomekwa, Windows huiorodhesha UPS miongoni mwa betri. Kwa kichujio chetu, kompyuta ya mezani iliyochomekwa waya huo ilikuwa mpakato, na jirani yake isiyochomekwa ilikuwa ya mezani.

Kijana alimgeukia keshia, mama wa makamo aliyekuwa anamtazama kwa wasiwasi.

“Samahani mama, naomba nichomoe huu waya mwembamba. Mashine haitazima.”

“Chomoa tu, baba, ila mauzo yangu ya asubuhi yasipotee.”

Akachomoa, akarudia amri, na jibu likawa tupu. Akachomeka tena, betri ikarudi. Hakuna aliyehitaji kuelezwa zaidi, hata mama mwenyewe, ambaye alituambia kwamba waya ule huwa unachomolewa na wafagiaji na kurudishwa na yeyote anayeuona unaning'inia. Hilo lilieleza pia kwa nini kupiga Windows upya kulionekana kufaa: mashine iliporudi kutoka kwa fundi, waya ulibaki sakafuni hadi mtu alipoukumbuka. Na kwa kuwa kompyuta huzichukua sera upya kila baada ya dakika 90, pamoja na nyongeza ya kubahatisha isiyozidi dakika 30, hakuna aliyeweza kuoanisha kuchomekwa kwa waya na kulala kwa mashine saa moja na nusu baadaye.

Marekebisho yao yalikuwa ya hatua mbili, na ya pili ndiyo iliyonifurahisha zaidi. Kwanza walibadilisha swali, badala ya kuuliza betri wakauliza aina ya mashine kama ilivyotambulishwa na mtengenezaji: SELECT * FROM Win32_ComputerSystem WHERE PCSystemType = 2, ambapo tarakimu 2 humaanisha kifaa cha kubebeka. Walilijaribu swali hilo kwenye kila aina ya mashine tuliyonayo kabla ya kuliweka kwenye sera, wakieleza kwamba mashine za kuungaunga huweza kurudisha 0, yaani aina haikutajwa. Kisha wakasema kwamba hata hilo ni la muda. Kompyuta mpakato zetu hazizidi idadi ambayo mtu mmoja anaweza kuisimamia. Zikitengwa katika kitengo chake ndani ya Active Directory, kile ambacho mafundi hukiita OU, sera yao itaunganishwa na kitengo hicho moja kwa moja, na kichujio hakitahitajika. Wangeweza kutuuzia vichujio vingine vitano, nasi tusingejua kwamba hatuvihitaji.

Nakubaliana nao kabisa katika hili. Vichujio vya WMI vina matumizi yake, lakini kila kimoja ni swali ambalo kila kompyuta italijibu kila inapochukua sera, na mengine ni mazito. Walitukuta na kichujio kingine, kilichoulizia programu fulani kwa kutumia Win32_Product, wakakiondoa siku ile ile. Kuiuliza Win32_Product hakuishii kwenye kusoma orodha ya programu. Windows huanza kukagua uzima wa kila programu iliyosakinishwa kwa kisakinishi chake, na wakati mwingine huzitengeneza upya bila kuombwa. Ndiyo maana baadhi ya mashine zetu zilichukua muda mrefu asubuhi kabla ya kumfungulia mtumiaji.

Suala la Tukuyu lilikuwa la namna nyingine. Sera ya kuzuia flashi ilikuwa upande wa mtumiaji, na aliyeiweka alitaka iwafikie makeshia wa tawi hilo peke yao. Kwa hiyo katika kichujio cha usalama aliliondoa kundi la Authenticated Users, ambalo hubeba watu na kompyuta zote za kikoa na huwekwa na mfumo tangu mwanzo, na badala yake akaliingiza kundi la makeshia. Kwa miaka mingi hilo lilikuwa sahihi, na maelekezo mengi ya zamani bado yanalifundisha. Lakini tarehe 14 Juni 2016 Microsoft ilitoa sasisho la usalama linalojulikana kama MS16-072, lililobadilisha namna sera za mtumiaji zinavyochukuliwa. Kabla yake zilichukuliwa kwa utambulisho wa mtumiaji. Baada yake huchukuliwa kwa utambulisho wa kompyuta, ili mtu aliyejipenyeza katikati ya mtandao asiweze kuzichezea zikiwa njiani. Maana yake ni kwamba hata sera inayomhusu mtumiaji tu, kompyuta anayoitumia lazima iwe na ruhusa ya kuisoma. Kundi la makeshia lina watu, halina kompyuta. Kompyuta ikabisha hodi, ikanyimwa, na keshia akabaki bila sera.

Dalili yake kwenye ripoti ni ya kukumbukwa: sera husika haikuonyeshwa kwa jina, bali kwa msimbo mrefu wa herufi na tarakimu ndani ya mabano, kwa sababu mashine isiyoruhusiwa kusoma sera haiwezi kujua hata inaitwaje. Fundi aliyeuona msimbo huo hakuendelea kutafuta. Alifungua sehemu ya ugawaji wa ruhusa, akaliongeza kundi la Domain Computers, yaani kompyuta za kikoa, kwa ruhusa ya kusoma pekee, bila ruhusa ya kutekeleza, na kichujio cha makeshia akakiacha kilivyo. Tofauti ya ruhusa hizo mbili ndiyo shina la somo lote la vichujio vya usalama: kusoma ni kuiona sera, kutekeleza ni kuitii, na anayestahili sera lazima awe nazo zote mbili. Alituonya pia kuhusu ruhusa ya kukataza, ambayo hushinda ruhusa ya kukubali popote zinapokutana. Mtu akiwemo katika makundi mawili, moja likikubaliwa na jingine likikatazwa, amekatazwa.

Palikuwa na mengine Tukuyu ambayo nitayapitia haraka. Mashine moja ilikuwa imeelekezwa kwenye seva ya majina (DNS, inayoonyesha kila seva ilipo) ya nje badala ya ile ya kikoa, kwa hiyo haikuwa inaiona seva ya sera hata kidogo. Huenda mtu aliibadilisha ili apate intaneti haraka siku ruta iliposumbua. Nyingine ilikuwa na betri ndogo ya ubao mama iliyokufa, na kila umeme ulipokatika saa yake ilirudi miaka ya nyuma. Uthibitisho wa Kerberos, njia ya kikoa ya kutambua mashine na watumiaji, haukubali tofauti ya saa inayozidi dakika 5, kwa kawaida, na mashine isiyothibitishwa haipewi sera. Betri hiyo huuzwa kwenye maduka ya saa, na fundi alikuwa nayo mfukoni.

Zaidi ya hayo, tawi hilo linaunganishwa na makao makuu kwa modemu ya simu, na siku za mvua kubwa, ambazo huko wilayani Rungwe, liliko tawi hilo, ni nyingi, kasi hushuka. Windows ikipima kasi iliyo chini ya kilobiti 500 kwa sekunde huihesabu njia hiyo kuwa ya polepole, na baadhi ya sera, kama za kusakinisha programu na kuhamisha folda, huziacha, wakati zile za usalama huendelea kuzitekeleza. Mtu asiyelijua hilo atalaumu vichujio kwa kosa la mawingu. Mafundi walitushauri tusibadilishe kipimo hicho, bali tuache kabisa kusambaza programu nzito kwa njia ya sera kwa tawi hilo, tuwapelekee kwenye diski. Ushauri huo hauna mbwembwe, na unafaa.

Sehemu nyingine ya kazi yao ilihusu yajayo. Tunazibadilisha mashine zetu kwenda Windows 11, kwa kuwa Windows 10 iliacha kupewa masasisho ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na walitaka kuona kama vichujio vilivyobaki vitahimili. Viwili havikuhimili. Windows 11 hujitambulisha kwa toleo linaloanza na 10.0, sawasawa na Windows 10, na tofauti yao ipo katika namba ya ujenzi (build), ambayo kwa Windows 11 huanzia 22000. Kichujio chetu cha “Windows 10 pekee” kingezikamata zote. Cha pili kiliandikwa zamani kikitaka toleo lolote kuanzia 6.1 kwenda juu, yaani kuanzia Windows 7, na hapo pana mtego ambao sikuwahi kuusikia. Toleo hilo huhifadhiwa kama maandishi, na WMI hulinganisha maandishi herufi kwa herufi. Tarakimu 1 ya mwanzo katika 10 ni ndogo kuliko 6, kwa hiyo 10.0 huonekana ndogo kuliko 6.1, na mashine mpya hukataliwa zikidhaniwa kuwa za kale. Namba ya ujenzi nayo ni maandishi, ikiwa na mtego ule ule. Waliandika upya vichujio vyote viwili kwa kutumia neno LIKE, linalotafuta maandishi yanayofanana, na kuongeza sharti la ProductType = “1”, ili seva zisiingizwe kwenye sera za kompyuta za kazi.

Sasa niseme yaliyonikera. La kwanza ni zito. Kabla hawajafika, mmoja wao alituma ujumbe wa simu akiomba neno la siri la msimamizi mkuu wa kikoa, ili, kwa maneno yake, waanze kazi mapema. Tulikataa. Tukawatengenezea akaunti ya muda yenye haki za kusoma na kuhariri sera tu, tukaifunga walipomaliza, na kazi yao haikupungukiwa na chochote, jambo linaloonyesha kwamba ombi lenyewe halikuwa na ulazima. Watu wenye ujuzi wa kiwango chao hawapaswi kuomba funguo za nyumba nzima kwa ujumbe. Isitoshe, zile ripoti za gpresult zina majina ya watumiaji, makundi yao na majina ya mashine, na tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilipoanza kutumika, ofisi inayotoa taarifa za watumishi wake kiholela inajitafutia shauri. Tuliwaomba wafute nakala zao na wakakubali kwa maandishi, lakini ingefaa wao ndio wawe wa kwanza kulisema.

La pili ni kwamba waliacha sera ya majaribio ikiwa imeunganishwa na tawi la Vwawa. Ilikuwa tupu na haikudhuru, lakini iliendelea kuonekana kwenye ripoti, na mtu atakayekuja miaka miwili ijayo atapoteza muda akijiuliza ilikuwa ya nini. Walipoelezwa waliiondoa bila ubishi.

La tatu ni taarifa yao ya mwisho, iliyochelewa na iliyoandikwa kwa Kiingereza cha kifundi ambacho meneja wa tawi hawezi kukitumia. Nilipoomba ya Kiswahili nililetewa kurasa chache zilizo nzuri kuliko ile ya kwanza: kila sera na lengo lake, kichujio chake, nani anastahili kuipata, na namna ya kuhakiki kwamba imefika. Hiyo ndiyo hati ambayo kila mteja angepaswa kupewa bila kuomba, kwa sababu mtandao wetu uliharibika si kwa uzembe, bali kwa vichujio vilivyowekwa kwa nia njema na mtu aliyeondoka bila kuandika alichokusudia.

Kuhusu malipo, hawatozi kwa saa. Walitazama ukubwa wa kazi, wakataja bei, na bei hiyo haikupanda hata walipogundua mambo ambayo hayakuwemo katika maombi yetu. Nauli na malazi ya matawini ni juu ya mteja, jambo linaloeleweka kwa umbali wa Makambako, ingawa wangeweza kuunganisha safari badala ya kurudi Mbeya kati ya tawi na tawi. Risiti ya EFD ilitolewa siku ya malipo. Ukilinganisha na tulichokuwa tunalipa kwa kupiga Windows upya kila mara, pamoja na mauzo yaliyokwama kwenye foleni, bei yao si kubwa. Ukiitazama peke yake, ofisi ndogo itaguna.

Kwa ofisi yenye kompyuta chache zisizo na seva ya kikoa, huduma hii haihitajiki, na wao wenyewe walimwambia hivyo jirani yetu mwenye duka la vipuri aliyetaka kuwaita baada ya kusikia habari zetu. Kwa shule, saccos, hospitali au kampuni yenye matawi, ambayo sera zake zimeandikwa na mafundi tofauti kwa miaka kadhaa, ningewapendekeza, kwa masharti haya: akaunti ya muda badala ya neno la siri la msimamizi mkuu, taarifa ya Kiswahili iandikwe kwenye mkataba kabla ya malipo ya mwisho, na mtumishi mmoja wa ofisi akae nao wakati wanasoma ripoti. Sisi tulimkalisha kijana wetu wa stoo mwenye hamu ya kompyuta, na sasa mashine ikileta vituko yeye ndiye anayetoa gpresult na kuituma makao makuu kabla fundi yeyote hajapigiwa simu.